Kome wa marudiano

Naanza kwa kukiri kwamba kosa ni langu, nimeliandika hapa juu kabisa ili mama watoto akiipitia hii asipate cha kuongezea.

Sisi tunakaa Leicester, mimi, mke wangu, watoto wawili na mama yangu, ambae wajukuu wanamwita Bibi na mtaa mzima nao wanamwita Bibi, hata yule jirani Mgujarati mwenye mvi kumshinda. Tulidunduliza miaka mitatu kwa ajili ya kruzi ya Bahari ya Kati. Unapanda meli Barcelona jumamosi, halafu kila ukiamka mji mwingine: Marseille, Genoa, Naples, Messina, Valletta ya Malta, siku moja ya maji matupu, unarudi Barcelona. Siku nilipomalizia malipo zilikuwa zimebaki wiki sita, na mimi nikishalipia kitu siwezi kukaa kimya, lazima nianze kukifaidi hapohapo.

Basi nikanunua ubao mweupe nikautundika jikoni, nikaandika kwa kalamu nyekundu ZIMEBAKI 42. Kila asubuhi nafuta napunguza moja. Na kila jumamosi tunapika chakula cha bandari moja na nauliza maswali ya chemsha bongo kuhusu hiyo bandari, wiki sita bandari sita, atakaekosa zaidi anaosha vyombo. Mwenye kuuliza mimi, mwenye kusahihisha mimi, na kama mnavyojua muulizaji haoshi vyombo. Mpango ulikuwa mzuri sana kwa upande wangu.

Jumamosi ya kwanza Barcelona, yaani paella, ingawa paella yenyewe ni ya Valencia na Wavalencia wa asili wanaweka kuku na sungura na maharagwe mabichi, mambo ya kamba na kome yalikuja baadae. Nikaagiza sufuria bapa ya paella mtandaoni pauni thelathini. Nikawaeleza kwamba siri iko chini, wali haukorogwi, unaachwa ushike chini mpaka uwe mkavu na mwekundu, Wahispania wanaita socarrat na wanaigombania. Mama akachungulia, akaparuza kwa kijiko, akaonja.

"Si ukoko huu?"

"Mama, hii ni socarrat."

"Ni ukoko. Yaani umetoa pauni thelathini upate ukoko? Ungenambia mie, mwanangu, ningekuunguzia wali bure."

Marseille ndio ilileta vita. Ule mchuzi wao wa bouillabaisse ni wa wavuvi, walikuwa wanapika wale samaki wa miiba waliokosa mnunuzi, na leo umekuwa chakula cha wenye pesa mpaka wenye mikahawa wa pale walisaini mkataba mwaka 1980 kukubaliana samaki gani wanaruhusiwa kuingia. Mimi nilitia wa friza. Mama akasema ni mchuzi wa samaki uliosahauliwa nazi. Lakini vita haikuwa mchuzi. Vita ilikuwa swali: wimbo wa taifa wa Ufaransa, La Marseillaise, ulitungiwa mji gani? Kifungua mimba wangu, ana miaka 14 na anajua kila kitu, hakungoja hata nimalize, akasema Marseille, kwani jina si linasema. Nikamwambia pole, ulitungwa Strasbourg mwaka 1792, ila vijana wa kujitolea kutoka Marseille waliingia nao Paris wakiuimba njia nzima ndio ukachukua jina lao. Mtoto akakataa kuosha vyombo, akasema swali la mtego, akakata rufaa kwa mama yake, mama yake akampa nusu maksi, mimi nikasema kwenye ubao huu hakuna nusu maksi, tukafika saa tano usiku vyombo viko palepale. Mama alikuwa kwenye sofa na tasbihi yake, macho yamefumba, nikajua kalala. Mara akauliza, "Hiyo Strasbourg ndio wapi?"

"Mashariki huko Mama, mpakani na Ujerumani."

"Ahaa." Akarudi kwenye tasbihi.

Genoa ilipita salama, pesto, ule mchuzi wao wa kijani wa majani, inatwangwa na Mama ana kinu, nilipeleka mchi mara tatu akaninyang'anya, akatwanga mwenyewe huku akilalamika kwamba majani ni mengi na pilipili hakuna. 

Naples ndio mwanzo wa msiba. Pizza yao inaokwa kwenye tanuri ya kuni lenye joto la karibu digrii 485, dakika moja na ushee imeiva. Oveni yetu mwisho wake 250. Nikafikiri, basi nitaipasha ile treya tupu kwanza saa nzima ishike moto, halafu nitasogeza kila kitu juu kabisa karibu na gril. Nilikuwa katikati ya kueleza habari za Margherita, kwamba hadithi yao inasema ilipewa jina la malkia mwaka 1889, nyanya na jibini na majani ya basil kwa rangi za bendera, mara alamu ya moshi ikaanza. Kitinda mimba wetu, miaka 9, juu ya kiti anapepea na taulo, mke wangu anafungua madirisha, mimi nimeshika kitu cheusi cha duara ambacho huwezi kujua kama kilikuwa pizza au kifuniko cha shimo la maji machafu. Tukala mikate na jibini. Kifungua mimba akaenda kwenye ubao akaandika: NAPLES 1, BABA 0.

Hiyo sifuri iliniuma. Ilikaa pale wiki tatu, kila nikipunguza siku naiona.

Messina tulipika arancini, mabonge ya wali ya kukaanga, Mama akaziita kachori akala nne. Na Valletta ndio siku alipoanza kunitisha. Nilieleza kwamba Kimalta ndio lugha pekee ya ukoo wa Kiarabu iliyo rasmi kwenye Umoja wa Ulaya, nikaweka sauti kwenye simu ya mtu anahesabu kwa Kimalta, swali ni mtaje namba tatu za mwisho kabla ya kumi. Watoto midomo wazi. Simu inasema sitta, sebgħa, tmienja, disgħa, na Mama kule kwenye sofa anaitikia, "Sita, saba, themania, tisa. Muulize swali gumu." Halafu akaniuliza yeye: hiyo bahari yenu maji yanajaa saa ngapi? Mtu wa Kibokoni, Mombasa, kila safari ya maji anaanza na hilo. Sikuwa na jibu, muulizaji mzima, ikabidi nigugo. Kumbe Bahari ya Kati karibu haina kujaa wala kupwa, sehemu nyingi maji yanapanda kiasi cha shubiri moja mbili tu maana mlango wake pale Gibraltar ni kilomita kama 14, wakati kwetu bamvua likija maji yanapanda mita tatu na zaidi. Mama akasikitika kama kaambiwa mtu mgonjwa. "Bahari isiyopwa, wavuvi wake wanapumzika lini?"

Usiku ule nikaosha vyombo mimi, kwa mara ya kwanza, kwa kura nne kwa moja.

Sasa. Ijumaa, ubao unasoma IMEBAKI 1, mabegi yako mlangoni, ndege saa kumi na mbili asubuhi. Mtu mwenye akili angeagiza chipsi. Mimi nikatangaza marudiano ya Naples. Kuna chakula chao kinaitwa impepata di cozze, kome weusi wa maganda mawili, pilipili manga nyingi, limau, basi, haina oveni haina alamu. Nilinunua kilo mbili, zilikuwa kwenye punguzo. Hilo la punguzo nilimficha mke wangu mpaka leo anaposoma hapa.

Mama akaja jikoni akawatazama ndani ya sinki. Akasema, huyu aliyeachama kabla ya moto mgonge, akijifunga yu hai, asipojifunga mtupe. Na yule atakaebaki amefunga baada ya moto mtupe vilevile. Nikamwambia sawa Mama. Akaenda kuswali.

Ile ya kugonga nilifanya, nusu. Wakachemka, mvuke, harufu nzuri kweli, wakaachama wote isipokuwa kumi na mmoja. Niliwahesabu. Kumi na mmoja mimi nikaona ni hasara, nikasema hawa wanaona haya tu, nikachukua kisu cha siagi nikawabandua mmoja mmoja nikawachanganya na wenzao. Mmoja alitoa kisauti, kama mtu anayefungua soda iliyokaa. Nikamtia limau zaidi.

Mama alikula mahamri na chai. Kitinda mimba alisema kome mmoja anamwangalia, akala mahamri na Bibi yake. Sisi watatu tulipiga kilo mbili mpaka tukachovya mkate, na kifungua mimba mwenyewe akaenda ubaoni akafuta sifuri akaandika BABA 1. Nililala kwa furaha.

Safari ya ndege salama. Bandarini pale Barcelona tukapewa fomu ya afya: je, siku mbili zilizopita umetapika au kuharisha? Nikaweka hapana kwa wote watano, na wallahi ilikuwa kweli, kwa dakika ile. Tukapanda, meli ni jengo la ghorofa linaloelea, tukapewa vyumba viwili, Mama na kitinda mimba kimoja, sisi watatu kimoja cha ndani kisicho na dirisha kwa sababu ndio rahisi. Jioni kabla ya kuondoka wakatangaza zoezi la dharura. Nikawaambia wanangu, sikilizeni, king'ora cha meli kinapiga milio saba mifupi na mmoja mrefu, ndio ishara ya dunia nzima. Kikaanza. Moja, mbili, tatu, mke wangu akanishika mkono, nikadhani ni mapenzi. Nne, tano, uso wa kifungua mimba umekuwa rangi ya ile pesto. Sita, saba. Na ule mrefu sikuusikia mwisho wake maana nilikuwa nakimbia.

Watu watatu, choo kimoja, usiku kucha. Na vyoo vya meli vinavuta kwa upepo, ukibonyeza kinanguruma kama kinataka kukuchukua na wewe, kwa hiyo ukiwa kitandani unahesabu zamu kwa masikio. Daktari wa meli akaja amevaa barakoa na glavu, akauliza mmekula nini, nikamwambia kome, akauliza walikuwa wamefunguka, nikanyamaza, mke wangu akanigeukia polepole sana. Meli zinaogopa ugonjwa wa tumbo kuliko mawe, kwa hiyo hukumu ilikuwa saa 48 ndani ya chumba tangu mtu wa mwisho aache kutapika. Wali mweupe, ndizi, chai ya rangi, vinaachwa nje ya mlango, wanagonga wanakimbia.

Marseille niliiona kwenye televisheni, chaneli ya ile kamera ya mbele ya meli, sawasawa na ambavyo ningeiona Leicester bila kulipa. Genoa vilevile. Ila simu ya chumbani ilikuwa haipoi.

"Halo wagonjwa. Mumeamkaje?"

"Tuko hivohivo, Mama."

"Mie na mjukuu wangu tumepanda hadi kanisa la juu kule mlimani, kwa basi. Tumekula aiskrimu. Sasa tunakwenda bufe, nitawapigia."

Alipiga kila baada ya mlo, anatusomea alichokula, kimoja kimoja, sisi tumezungukana na bakuli la wali. Jumatatu usiku akapiga anacheka mpaka hawezi kuongea, kitinda mimba akamnyang'anya simu. Walikuwa wameingia kwenye chemsha bongo ya meli, ile ya ukumbini, meza kumi na kitu, Wajerumani na Waitaliano na Waskoti waliokuja na kalamu zao wenyewe. Swali la mwisho wakafungana na meza moja. Muulizaji akasema: La Marseillaise ilitungwa mji gani? Meza ile ikapiga kelele Marseille, na Mama akanyanyua mkono na tasbihi yake ndani akasema Strasbourg. Mwaka je? 1792. Wamepewa kofia mbili na mnyororo wa funguo.

Kifungua mimba kitandani kajifunika shuka mpaka juu. "Lile swali," akasema, "lilikuwa la mtego."

Jumanne asubuhi daktari akatufungulia, na bandari ilikuwa Naples. Tulishuka miguu laini, jua limetuchoma macho, mlima Vesuvius uko kule, na Mama mbele anaongoza na kofia yake ya ushindi juu ya mtandio. Tukakaa kwenye kimkahawa karibu na bandari. Mimi nikaagiza pizza. Sikuuliza digrii wala mwaka. Mama akaelekeza kidole kwenye menyu, chakula kikaja, bakuli kubwa la kome weusi wanafuka mvuke na pilipili manga.

Akala taratibu, anaweka maganda pembeni, hana haraka na mtu. Alipofika chini akamkuta mmoja kafunga. Akamnyanyua kwa vidole viwili, akamweka katikati ya pizza yangu, akaegemea kiti.

"Haya, muulizaji. Huyu je?"