Mpunga pori wa Bahi: gugu la mkulima, akiba ya nani?

Mwambie mkulima wa Bahi, mkoani Dodoma, kwamba mpunga pori unastahili kuhifadhiwa, atakucheka, na ana haki ya kucheka. Huu ndio mmea unaomlia jaruba, kipande chake cha shamba la mpunga. Ukiwa mchanga, ni vigumu kuutofautisha na miche aliyopandikiza mwenyewe. Inabidi uiname utazame pale jani linapoachana na shina, penye kiwambo cheupe chenye ncha, kirefu kuliko kile cha mpunga wa kawaida. Wengi huutambua ukishachanua, na hapo mtu amechelewa. Punje zake zenye ndevu ndefu hupukutika kabla hazijavunwa, na chini ya tope umeshatandaza mashina yanayotambaa. Ukipiga jembe unauzidisha, maana kila kipande kilichobaki na kifundo kinachipua.

Kwa wataalamu ni Oryza longistaminata. Umeenea katika mabonde yanayofurika kwa msimu, kuanzia Afrika Magharibi hadi Madagaska, na Orodha Nyekundu ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, imeuweka kwenye daraja la mimea isiyo na hofu ya kutoweka. Kwa hiyo wapo wanaouliza, na si kwa ubishi tu: kuna haja gani ya kupoteza muda na gugu ambalo hata wahifadhi wenyewe hawana wasiwasi nalo?

Swali hilo lina uzito. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili hivi, na kwa mwaka hazipiti sana milimita 550. Kaya yenye jaruba lenye maji haiwezi kuambiwa iliachie nusu kwa faida ya sayansi. Palizi ya mpunga pori ni ya mikono na ni ya kurudia, na anayeinama siku nzima ndani ya maji mara nyingi ni mama. Katika hili niko upande wa mkulima moja kwa moja: ndani ya jaruba, ung'olewe.

Lakini tazama gugu hilo limefanya nini kwingineko. Watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, kule Ufilipino, walichukua mpunga pori wa Mali wakauchanganya na mpunga wa shambani, wakapata kinga dhidi ya ugonjwa wa mnyauko wa bakteria. Jeni inayoleta kinga hiyo, Xa21, ilitengwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, mwaka 1995. Wachina wakaenda mbali zaidi. Yale mashina yanayotambaa, ambayo mkulima wa Bahi anayalaani, ndiyo waliyoyataka. Wakauzalisha na mpunga wa Thailand hadi wakapata aina ya PR23, iliyotolewa kwa wakulima wa Yunnan mwaka 2018. Unaupanda mara moja, unavuna, unachipua tena. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha mavuno manane mfululizo ndani ya miaka minne, kwa wastani wa karibu tani 6.8 kwa hekta kila vuno.

Wapinzani hapa wana jibu zuri: faida hiyo ilimfikia nani? Kwa Mali, chuo hicho cha Davis kilianzisha mfuko wa kuzitambua nchi zilizotoa mbegu, lakini fedha zilizotarajiwa hazikuja. Ukimwambia mtu wa Bahi atunze akiba ya dunia huku dunia haimlipi, unamtwisha mzigo usio wake.

Hata hivyo, daraja la IUCN linapima spishi nzima, bara zima. Halisemi chochote kuhusu mpunga pori wa kwenye mbuga moja, yaani tambarare moja inayofurika kwa msimu. Na mbuga ya Bahi si kama bonde la Kilombero. Mto Bubu unashuka kutoka Kondoa kupitia Chemba, unamwaga maji pale, na hayana pa kutokea. Yanakauka juani na kuacha chumvi. Mmea uliokaa vizazi na vizazi kwenye mazingira hayo huenda umejifunza kuvumilia chumvi na ukame kuliko ndugu zake wa Mali. Huenda pia haukujifunza lolote. Njia ya kujua ni kuupima, nao haupimiki ukishakwisha.

Kitakachoumaliza, kama kitatokea, hakitakuwa jembe. Ni maji kutofika. Mradi wa Bwawa la Farkwa, wilayani Chemba, unalenga kuuzuia Bubu ili Jiji la Dodoma na wilaya jirani, Bahi ikiwemo, zipate maji. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 jijini, na yeyote aliyewahi kununua maji kwa dumu hahitaji kushawishiwa kwamba bwawa linahitajika. Sitalipinga. Ninachohoji ni ratiba ya kuachia maji. Mafuriko yanayoijaza mbuga ndiyo hayo hayo yanayolisha majaruba, samaki na malisho ya kiangazi, kwa kuwa maji yakishapungua mpunga pori unaliwa na ng'ombe. Hapo mkulima, mfugaji na gugu wanadai kitu kimoja.

Sheria haisaidii sana. Ile ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka eneo la ulinzi la mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, lakini mbuga inayotanuka Machi na kunywea Septemba ukingo wake uko wapi? Na kati ya maeneo manne ya Tanzania yaliyo kwenye Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, hakuna hata moja la Dodoma.

Kwa hiyo ningeanza na lililo rahisi: mbegu zikusanywe sasa, zipelekwe kwenye benki ya taifa ya mbegu iliyoko Arusha, zikiwa na kumbukumbu ya mahali zilipotoka na udongo wake. Kwa kuwa punje hupukutika, masuke yafungwe vifuko mapema yakiwa bado mabichi, na wanaojua wapi na lini ni haohao wapalizi. Walipwe kwa siku, kama kibarua kingine chochote.