Hachi si filamu ya kuliza watu tu

Mwandishi, asante kwa makala, ila hapo uliposema filamu ya Hachi ya mwaka 2009, ile ya mbwa anayeendelea kumsubiri bwana wake aliyekufa, imetengenezwa kuliza watu tu, sikubaliani nawe hata kidogo. Hebu uangalie tena ile sehemu ya mpira. Profesa, anayeigizwa na Richard Gere, anahangaika kumfundisha mbwa wake kuurudisha, naye Hachi wala hajishughulishi. Asubuhi ya siku ya mwisho ya profesa ndipo Hachi anauleta mwenyewe, na mzee wa watu anafurahi, hajui kwamba siku hiyo hiyo atakufa. Binti yangu aliliona hilo kabla yangu, akanishika mkono.

Tena kisa chenyewe ni cha kweli. Profesa Hidesaburo Ueno wa Tokyo alifariki Mei 1925, na mbwa wake Hachiko, ndiye Hachi wa kweli, akaendelea kwenda stesheni ya treni ya Shibuya kumsubiri mpaka alipokufa Machi 1935. Sanamu yake ilizinduliwa 1934, mwenyewe akiwa hai! Kinachoniuma ni kisa kuhamishiwa Marekani, wakati Wajapani walishakiigiza vizuri tangu 1987. Wazazi, waonyesheni watoto, ila kaeni nao mpaka mwisho, maana maswali kuhusu kifo yatakuja.