Baba, Nimekosa Nini?

Jumamosi moja nilinunua pakiti ya mbegu za mchicha, nikachimbua kipande cha ua nyuma ya jiko, nikamwita kijana wangu wa darasa la nne aje na kale kajembe kadogo. Akaja polepole, uso umemshuka. Akasimama mbele yangu, jembe kalishika kwa nyuma.

"Baba, nimekosa nini?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Ilionekana kabisa anapekua kichwani mwake makosa ya wiki nzima, atafute lipi limegundulika. Kwake yeye, mtu mzima akikukabidhi jembe, una kesi.

Basi nikamkalisha kwenye ndoo, nikamhoji. Shuleni kwao bustani ipo, tena siyo mbaya, matuta sita ya chainizi na matembele. Nani analima? "Waliochelewa." Nani anamwagilia? "Wapiga kelele." Kiranja anaandika majina, mwalimu wa zamu anayasoma mstarini, mnagawiwa matuta kwa uzito wa kosa. Na wenye adabu zao wanafanya nini muda huo? Wako darasani, wanasoma sayansi. Wiki hii, akaniambia, ni sehemu za mmea. Mwalimu kachora ubaoni: mzizi, shina, jani, ua, kwa chaki za rangi. Dirisha liko wazi. Hatua kumi kutoka dirishani kuna mtoto ameshika mzizi wenyewe mkononi, udongo unamdondoka, na hakuna anayemwambia huo ni nini, kwa sababu yeye yuko kwenye adhabu.

Na hapa ni Morogoro jamani. Mji wenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mji ambao kila alfajiri mboga zinashuka sokoni kutoka milima ya Uluguru. Mwezi wa nane tunawapakia watoto kwenye mabasi kwenda Nane Nane kushangaa vipando vya watu wengine, wanarudi na kofia za karatasi na soda, halafu Jumatatu mchelewaji anapewa tuta. Safi kabisa.

Nisije nikaonekana nasifia zamani. Sisi pia tulilima adhabu, na mahindi mengine ya EK, yaani Elimu ya Kujitegemea, mara ya mwisho kuyaona ni yalipokuwa yanaelekea nyumba za walimu. Lakini darasa la sita nilimpata mwalimu mmoja wa hisabati, mkali, koti moja mwaka mzima, ambaye nikifa mtanikuta bado namshukuru. Kabla ya mvua za masika alituletea mahindi ya mbegu. Tukahesabu punje kumi, tukazifunga kwenye kipande cha gunia chenye unyevu, tukaziweka juu ya kabati la darasa. Kila asubuhi mmoja wetu anapanda kwenye dawati kunyunyizia maji. Baada ya siku chache tukafungua: nane zimeota, mbili zimeoza. Mwalimu akaandika ubaoni 80%. Hivyo ndivyo nilivyoielewa asilimia. Kabla ya hapo nilikuwa naikariri tu.

Kisha akatutoa nje. Shamba la mita 15 kwa 30. Kamba ina mafundo: mstari hadi mstari sentimita 75, shimo hadi shimo sentimita 30. Mistari mingapi? Ishirini. Mashimo mangapi kila mstari? Mia. Jumla 2,000, punje moja moja. Na kama zinaota nane katika kila kumi, tutarajie miche mingapi? Tukapiga kelele kwa pamoja, 1,600! Akasema haya, tutaonana. Wiki mbili baadaye akatugawia mistari, tukahesabu mche mmoja mmoja. Ikapatikana 1,300 na ushee.

Hapo ndipo pakawaka moto. Nusu ya darasa ikasema hesabu ya mwalimu ina kasoro. Nusu nyingine ikasema ni kuku wa jirani. Mmoja akasema mashimo ya kule chini yalisombwa na maji, twendeni mkaone, tukaenda, na kweli, mtaro wa maji umepita katikati ya mistari mitatu ukabeba kila kitu. Mmomonyoko wa udongo. Hatukuufundishwa siku ile, tuliukuta pale pale. Juma lililofuata tukachimba makinga maji, na wala hakuna aliyeulizwa amekosa nini.

Hilo ndilo linaloniuma. Jembe lile lile, udongo ule ule, mtoto yule yule. Ukishalifanya jembe kuwa kiboko, hakuna mtaala utakaolisafisha. Mtaala ulioboreshwa, huu ulioanza kutumika Januari 2024, unahimiza vitendo na stadi, mimi naupigia makofi. Lakini mtoto aliyefundishwa miaka minne kwamba kulima ni hukumu, utamleta vipi darasa la tano umwambie kulima ni somo? Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, ya 1967, nimeisoma zaidi ya mara moja. Ilitaka shamba liwe sehemu ya masomo yenyewe. Sikuona ukurasa unaosema liwe mahabusu.

Najua walimu watakaonijibu, maana nina shemeji mwalimu na amekwisha kunijibu. "Afadhali jembe kuliko fimbo." Sawa. Nakubali, tena kwa shingo upande: mtoto aliyechelewa akipalilia nusu saa ni bora kuliko kurudi nyumbani na makalio yamevimba. Akaniambia pia darasa lake lina watoto zaidi ya tisini, atawatoaje wote nje na majembe manne? Hapo sina jibu la haraka, na sitajifanya ninalo. Ila kama kazi nzuri inafaa kuwa adhabu, basi mtoro naye aadhibiwe kwa kusoma hadithi, na mpiga kelele apewe hesabu za kuzidisha. Tuone baada ya mwaka nani atapenda kusoma.

Wazazi wenzangu mnaosema "mwanangu nimempeleka kusoma, sikumpeleka kulima", nyie tutaonana siku nyingine.

Na miti! Aprili mosi, Siku ya Upandaji Miti (tarehe nayo sijui nani aliichagua), mwaka juzi nilikuwapo shuleni wakati mgeni rasmi anapanda mche na kiriba chake cha plastiki, hakukichana, akapigwa picha, akapewa maji ya kunawa. Mtoto wa kike nyuma yangu alinong'ona, "hajatoa mfuko." Hakuna aliyethubutu kumwambia mheshimiwa. Juni shule ikafungwa, masika imekwisha, hakuna aliyepangiwa zamu ya kumwagilia, na Julai ile miche ilikuwa kuni. Yule binti, kama ningekuwa mimi ndiye mkuu wa shule, angekuwa bwana shamba siku hiyo hiyo.

Turudi nyuma ya jiko langu. Nilimwambia hajakosa kitu. Hakuniamini mpaka nilipopiga magoti nikaanza kulima mimi. Tukamwaga mbegu, tukafunika na udongo laini, tukaweka nyasi juu. Siku ya nne alikuja kuniamsha saa kumi na mbili asubuhi: zimetoka. Nyekundu nyekundu, ndogo kama nyuzi. Akaanza kuzipima kwa rula ya shule, akaandika nyuma ya daftari. Zilipobanana nikamwonyesha kupunguza: unang'oa dhaifu, unaacha nafasi ya vidole vinne, zilizobaki zinanenepa. Akauliza kwa nini. Nikamweleza. Akauliza tena kwa nini.

Jumatatu akachelewa shule, akapewa tuta. Safari hii ni la mchicha, wamemwaga mbegu kama wanamlisha kuku. Akafanya alichofundishwa. Akapunguza tuta zima, akaacha vidole vinne, alivyong'oa akavipanga pembeni vizuri.

Mwalimu wa zamu akamwongezea adhabu kwa kuharibu mboga za shule.

Nimeitwa Ijumaa. Naenda na rula.