Jibu linganifu nalo ni jibu, tena zito

Kuna kauli moja inanikera sana. Mtu anasoma theoremu nzuri ya maumbo mbinuko mpaka mwisho, halafu anasema "ah, kumbe kadhani data ni linganifu", yaani kila mwelekeo una thamani sawa na ule ulio kinyume chake, na hapo hapo kazi yote inashuka thamani machoni pake. Mimi naamini ni kinyume, yaani kwenye milinganyo ya kutafuta maumbo haya kesi linganifu ndiyo inayotuonyesha ugumu umekaa wapi.

Swali lenyewe ni la zamani. Umbo mbinuko ni lile ambalo ukichukua nukta mbili zozote ndani yake, mstari wa kuziunganisha hautoki nje. Mwaka 1897 mwanahisabati Minkowski aliuliza hivi: nikikupa mielekeo ya nyuso (kila uso unatazama wapi) na eneo la kila uso, unaweza kunijengea umbo? Jibu ni ndiyo, mradi mielekeo isilale yote kwenye bapa moja, na ukizidisha kila mwelekeo kwa eneo lake ukajumlisha, upate sifuri. Na umbo linakuwa moja tu, ukiacha kulisogeza huku na kule. Kwa maumbo laini swali linageuka kuwa mlinganyo wa Monge-Ampère, ambao sio wa mstari kabisa, kile unachokitafuta kimekaa ndani ya ditaminanti, kwa hiyo ule mchezo wa kujumlisha majibu mawili upate la tatu usahau.

Mwaka 1993 mwanahisabati Lutwak akalipanua swali kwa kuweka namba p, inayobadilisha kile kinachopimwa kwenye kila uso. Ukiweka p=1 umerudi kwa Minkowski. Ukiweka p=0 unapata tatizo la logi, na hili ndo linanikosesha usingizi: hupewi eneo la uso tena, unapewa ujazo wa koni inayoanzia kwenye kitovu, yaani nukta maalumu ndani ya umbo, na kutua kwenye uso huo.

Hebu chukua karatasi, ambapo pande ndizo nyuso na eneo la pembetatu ndilo ujazo wa koni. Chora mstatili wa 6 kwa 2, weka kitovu katikati, piga mistari kwenda kwenye kona, unapata pembetatu nne. Upande wenye urefu 2 uko mbali na kitovu kwa 3, eneo la pembetatu yake ni 3. Upande wenye urefu 6 uko mbali kwa 1, eneo lake ni 3 pia. Sasa uvute uwe 12 kwa 1, hesabu upya, zote nne bado ni 3! Ina maana mistatili yote yenye eneo 12 inatoa data ile ile, jibu lipo ila sio moja, na vilevile mtu akikuambia nataka pande za kushoto na kulia zibebe asilimia 60 na za juu na chini 40, hakuna mstatili duniani utakaompa hiyo.

Sasa chora pembetatu. Sogeza kitovu popote ndani yake na unaweza kugawa eneo utakavyo, 90 na 5 na 5 sawa tu, unakisogeza karibu na kona inayotazamana na upande uliopewa 90. Kizuizi hakuna.

Tofauti ya michoro hiyo miwili ndiyo hoja yangu yote. Bila ulinganifu kitovu kinatangatanga, unapotafuta jibu kinaweza kukimbilia ukingoni na mlinganyo ukaharibika, na wakati huo huo umbo lenyewe linaweza kurefuka na kukonda mpaka lipotee. Ulinganifu unakipigilia kitovu msumari katikati, hatari inabaki moja tu, ile ya kukonda, na sasa unaweza kuitazama usoni. Böröczky, Lutwak, Yang na Zhang walifanya hivyo mwaka 2013, wakapata sharti kamili: kwenye vipimo n, kila nafasi ndogo ya vipimo k inayopita kitovuni (mstari ni k=1, bapa ni k=2), nyuso ambazo mielekeo yake imelala ndani yake zisibebe zaidi ya k/n ya ujazo wote, na ikigonga k/n kamili basi kilichobaki kikae kwenye nafasi ndogo ya kuijaliza, yaani ile inayokamilisha vipimo vilivyobaki, kama ule mstatili wetu ambapo kila mhimili umebeba nusu yake. Sharti ni la lazima na linatosha. Bila ulinganifu sharti hilo bado linatosha, hilo lilithibitishwa 2019, lakini sio la lazima tena, pembetatu yetu ya 90 imeshalivunja na bado ipo.

Kuna wanaodhani kwamba ukitafuta ndani ya maumbo linganifu peke yake utapata jibu linalofaa humo humo tu, sio jibu halisi la mlinganyo. Hapana. Unashikilia ujazo, unapunguza wastani wa logi ya umbali wa nyuso kutoka kitovuni, ukifika chini kabisa unapata mlinganyo uliopimwa kwa funksheni linganifu tu, ila kwa kuwa pande zote mbili za mlinganyo ni linganifu, kipimo kikilingana hapo kinalingana kote. Hapo mimi huwa nafurahi kila ninaposoma.

Naelewa kwamba dhana ya ulinganifu ikiweza kuondolewa, iondolewe. Firey mwaka 1974 aliuliza jiwe linalosuguliwa pande zote linaishia kuwa umbo gani, akaonyesha kwamba lile linganifu linaelekea kuwa tufe, na ilibidi tusubiri mpaka 1999 Andrews alipoonyesha hivyo kwa jiwe lolote mbinuko. Miaka 25, na mtu wa kwanza ndiye aliyewaambia wengine waangalie wapi.

Na upekee je? Kwenye bapa, kwa maumbo linganifu, ulithibitishwa 2012: data moja, umbo moja, isipokuwa msambamba, ambao mstatili ni ndugu yake. Kwa hiyo ule mvutano wa 6 kwa 2 kwenda 12 kwa 1 uliouchora sasa hivi ndiyo aina pekee ya kuyumba iliyopo huko.