Askari wa Udongo wa Kuchoma

Huko Hamburg, eneo la Jenfeld, wapo askari wa kwetu wanaotembea miaka yote bila kufika. Ni wa udongo wa kuchoma, wamebandikwa kwenye nguzo. Mbele yao katangulia Mjerumani. Kwenye nguzo ya pili wapo wapagazi na mizigo yao. Waliwekwa pale mwishoni mwa miaka ya 1930, Hitler akiwa madarakani, kwenye kambi ya jeshi iliyobeba jina la Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza jeshi la Wajerumani huku kwetu Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Aliyewafinyanga ni Walter von Ruckteschell. Kinachoniudhi zaidi kwa mtu huyu ni kwamba kipaji alikuwa nacho. Angekuwa mchoraji wa ovyo ningempita tu.

Alizaliwa Saint Petersburg mwaka 1882, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri. Vita vya 1914 vilimkuta huku kwetu na mkewe Clary, naye msanii. Akaacha brashi, akaingia jeshini, akawa msaidizi wa karibu wa Lettow-Vorbeck. Vita vilipokwisha, jenerali akaandika kumbukumbu zake na Ruckteschell akazitilia michoro. Halafu kikaja kitabu cha vijana, "Heia Safari!", mwaka 1920. Jina la jenerali ndilo lililokuwa kwenye jalada, lakini kazi kubwa ya kalamu na ya picha ilikuwa ya Ruckteschell. Kwa hiyo neno letu la safari liliingia nyumba za Wajerumani likiwa limevalishwa sare.

Ukiangalia vichwa vya askari alivyovichora, utaona hawa ni watu. Huyu ana kovu la kazi machoni, yule amechoka, mwingine anamtazama mchoraji kama anayejiuliza anatafuta nini. Anayechora hivyo amekaa na watu na amewaona. Ndiyo maana siukubali ule utetezi wa "alikuwa mchoraji tu". Aliona, kisha akachagua cha kuonyesha.

Mkataba wa Versailles wa 1919 uliwanyang'anya Wajerumani makoloni, na sababu mojawapo iliyotajwa ni kwamba walitawala vibaya. Wakahitaji shahidi wa kuwatetea, na shahidi aliyepatikana ni "askari mwaminifu": Mwafrika aliyempenda bwana wake hadi siku ya mwisho. Wanazi walimrithi shahidi huyo akiwa tayari amechorwa. Kilichobaki kilikuwa kumpa ukuta.

Hesabu zao wenyewe zinamkana. Mwanzoni mwa 1916 Lettow-Vorbeck alikuwa na askari Waafrika zaidi ya 11,000. Aliposalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, walikuwa wamebaki 1,168. Wengine walikufa, wengine walitekwa, na maelfu walitoroka. Tena askari wale walikuwa watu wa mshahara, na mwisho mwisho walikuwa wakidai mshahara wasioupata. Mtu anayekudai si mtu aliyerogwa na mapenzi.

Na wapagazi je? Kwenye nguzo wanatembea wima, wamepangika vizuri. Waulize Wagogo. Kwao miaka ile ina jina lake, Mtunya, njaa iliyokuja baada ya Wajerumani kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, kisha Waingereza wakaja wakachukua vilivyobaki, kisha mvua ikagoma. Upande wa Waingereza peke yake walikufa wapagazi wanaokaribia laki moja, na ukumbusho wao tunaukanyaga kila siku tukienda kununua vitunguu: Kariakoo, yaani Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza, iliyopita kinywani mwa Mswahili. Katika udongo wa Ruckteschell hakuna anayekufa njaa.

Wala hakuwa wa kwanza. Tangu 1909 Dar es Salaam palisimama sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyewahi kuwa gavana wa koloni la Wajerumani huku kwetu, na chini ya miguu yake askari wa shaba akimtazama juu. Waingereza wakaiondoa, ikaishia Hamburg, mbele ya chuo kikuu, mpaka wanafunzi walipoiangusha miaka ya 1960. Yule askari hata alipoanguka alikuwa bado anatazama juu.

Miaka ile nguzo zinafinyangwa, askari wa kweli alikuwa anaishi Berlin. Aliitwa Mahjub bin Adam Mohamed, Wajerumani wakimjua kama Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 na aliingia vitani angali mtoto. Alifika Ujerumani mwaka 1929, akadai mishahara yake na ya baba yake, asilipwe. Akafanya kazi ya mhudumu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akacheza filamu za kuusifu ukoloni. Mwaka 1934 aliomba nishani ya waliopigana mstari wa mbele. Wakamnyima. Mwaka 1941 walimkamata kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, na tarehe 24 Novemba 1944 akafia kambi ya mateso ya Sachsenhausen.

Ruckteschell mwenyewe alifariki mwaka huo wa 1941. Alikuwa na makazi Dachau, mji ambao Wanazi walifungua kambi ya mateso mwezi Machi 1933. Nyumba yake ipo hadi leo, wasanii hukaa humo wakifanya kazi zao.

Mwaka 2003 kikundi cha watu wa Hamburg kilitaka kuzizindua zile nguzo upya, kwenye bustani waliyoiita Tansania-Park. Waziri Mkuu wetu wa wakati huo, Frederick Sumaye, alitarajiwa kuwa mgeni wa heshima. Kelele za kupinga zikawa nyingi, naye hakutokea. Bustani ikabaki na uzio, na wale askari wako ndani ya uzio huo, wamemfuata mtu wao.

Husen ana kibao kidogo cha shaba kwenye njia ya waenda kwa miguu Berlin. Hakina picha, kina jina.