"Run down": mtazame anayetajwa kabla ya kutafuta maana

Wanafunzi wengi wa Kiingereza hukaririshwa vitenzi vya maneno mawili kwa jedwali: kitenzi kushoto, maana sita kulia. Kwa "run down" njia hiyo ni kupoteza muda. Maana zake zimetawanyika, ila kila moja ina nomino zake inazoandamana nazo, na nomino ndizo zinazofaa kukaririwa.

Anza na betri. "The battery has run down": chaji imeisha polepole, hakuna aliyeizima. Hii ni maana ya vitu vyenye akiba ndani yake, pamoja na saa za kutia ufunguo. Ukiacha taa za gari zikiwaka usiku kucha, uliyeimaliza ni wewe: "You have run the battery down." Akiba ikiwa ni bidhaa ghalani, "run down our stocks", mara nyingi ni kwa makusudi, mzigo wa zamani unauzwa uishe kabla ya kuagiza mwingine. Waingereza huitumia pia kwa kiwanda au huduma inayopunguzwa mwaka hadi mwaka, wafanyakazi wakistaafu na nafasi zao kuachwa wazi. Hapo pana lawama. Anayeandika "the service was run down" anadokeza kwamba kuna mtu aliamua iwe hivyo. Anayeandika "declined" hamnyooshei yeyote kidole, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote, ingawa vitabu vya shule huyataja maneno haya kama visawe.

Akitajwa mtu, mambo hubadilika. "He was run down by a bus": amegongwa. "She is always running her brother down": anamponda kila mara. "They ran him down" ikiwa peke yake haieleweki. Huenda amegongwa, amesemwa vibaya, au amesakwa mpaka akapatikana.

Uchovu hauelezwi kwa kitenzi. Usiseme "I am running down". Sema "I feel run-down", yaani mwili umedhoofika kwa kazi nyingi na usingizi mchache. Nyumba nayo ikiitwa "run-down" imechakaa kwa kutotunzwa. Nyumba kuukuu yenye rangi mpya na paa zima haistahili sifa hiyo.

Kwenye sarufi, makosa ni yale yale: "has ran down" badala ya "has run down", na "run down it" badala ya "run it down", kwa kuwa kiwakilishi hukaa katikati. "Run down the stairs" ni jambo jingine kabisa, kushuka ngazi mbio. "Down" hapo ni kihusishi, haihamishiki.

Halafu kuna "rundown", nomino ya neno moja, mkazo ukiwa kwenye "run". Bosi akitaka "a quick rundown of the project", mpe muhtasari. Hajasema kwamba mradi unadorora.