Posa Ilifika Meru, Ila Siyo Meru Yenyewe

Nilichaguliwa kuwa mshenga kwa sababu moja tu: nina mdomo. Binamu zangu wengine ukiwasimamisha mbele ya wazee wanaanza kukuna shingo na kuangalia viatu. Mimi nipe nafasi, nitamsifia bwana harusi mpaka yeye mwenyewe ashangae.

Baba mdogo alinipigia usiku wa Jumanne kutoka Voi, akiwa kituo cha mabasi, kelele za makondakta juu.

"Jumamosi saa nne asubuhi tuwe Meru kwa wakwe," akasema. "Sisi tunatoka huku Ijumaa. Wewe njoo moja kwa moja kutoka Nairobi. Ukishuka gari Nanyuki, ulizia kwa mzee Kaaria, kila mtu anamjua. Na pasipoti usisahau!"

Hivyo ndivyo masikio yangu yalivyopokea. Nilijiuliza kidogo kwa nini hawakutaka kulala kwangu wakipita Nairobi, kisha nikakumbuka nina kitanda kimoja, nikamshukuru Mungu na sikuuliza tena.

Pasipoti nayo ilinisumbua kidogo. Wakwe wana kazi gani na picha zangu? Labda wana daftari la washenga. Kesho yake nikaingia studio, nikapigwa picha nne za pasipoti, nyuma rangi ya samawati, shingo nimeinyoosha kama twiga.

Kazini kuna jamaa anayetoka Maua, kule kwenye milima ya Nyambene inakotoka miraa. Nilipomwambia naenda kwao kuposa aliweka kikombe chini. "Utaingiaje kwa wazee wa Meru mikono mitupu? Bila ncoolo hata hawakusikii." Ncoolo ni bunda la miraa teule, limefungwa vizuri kwa mgomba, na ndilo linalofungua mdomo wa mzee. Alinitafutia moja Ijumaa jioni, mbichi kabisa. Nikaliweka kwenye begi pamoja na picha zangu nne, juu yake nikakunja koti jekundu nililonunua Gikomba kwa ajili ya shughuli hiyo. Koti zuri sana. Kosa lake ni rangi tu, kama utakavyoona.

Jumamosi saa kumi na moja alfajiri nilikuwa kwenye matatu. Karatina tukapita, bango la ikweta tukalipita, na saa tatu hivi nikashuka gari Nanyuki kama nilivyoagizwa. Mlima Kenya ulikuwa wazi, mawingu bado hayajaamka. Nikampigia baba mdogo.

"Baba, nimefika Nanyuki."

"Safi sana! Sisi tunakaribia. Unauona mlima?"

"Nauona."

"Wenye theluji?"

"Theluji imejaa juu."

"Uko upande wa jua linakochomoza?"

Nikageuka. Jua lilikuwa linaniumiza macho kutoka upande huohuo. "Ndiyo, baba."

"Basi umefika. Nenda kwa mzee, tunakukuta."

Naomba msomaji ayaangalie mazungumzo hayo vizuri. Hakuna aliyesema uongo hata kwa neno moja.

Nikamuuliza mwendesha boda anipeleke kwa mzee Kaaria. Akacheka. Jina hilo huko limejaa kama Juma lilivyojaa Mombasa. "Yupi sasa? Lakini kama unasema Meru, hapa ni Laikipia. Meru inaanzia kule Timau. Kuna mzee Kaaria kule, analima viazi." Kila kitu kikaingiana: baba alisema Meru, mzee ni Kaaria, na kila mtu anamjua, maana hata boda wa Nanyuki anamjua. Nikapanda matatu ya Timau. Pembeni mashamba ya ngano, upepo wa baridi unapenya mpaka kwenye mifupa, nikavaa koti langu.

Mzee Kaaria nilimkuta uani na wenzake watatu, wamekaa kwenye vigoda, wanajadili pampu ya maji iliyoharibika. Nikawasalimia kwa neno pekee la Kimeru nililofundishwa: "Muga!" Wakaitikia, "Muga." Nikajitambulisha kuwa ni mgeni wao wa leo, nimetangulia, wenzangu wako njiani. Mwenye adabu hamuulizi mgeni "umekuja kufanya nini" kabla hajanywa chai, na wazee wale walikuwa na adabu. Hilo ndilo lililoniponza.

Chai ikaja. Nikasema natoka Pwani.

"Pwani!" Mzee mmoja akasogeza kigoda. "Hata sisi tulitoka Pwani. Kisiwani, Mbwaa."

"Mbwa?"

"Mbwaa," akarudia, akivuta mwisho wa neno kwa ajili yangu. Akanisimulia jinsi wahenga wao walivyokuwa watumwa huko, wakapewa mitihani isiyowezekana, kama kushona kiatu chenye manyoya pande zote mbili, na jinsi walivyotoroka usiku, maji yakawafungulia njia. "Na waliotutesa tuliwaita Nguo Ntuune."

"Maana yake nini, mzee?"

"Nguo nyekundu."

Wazee wote wanne wakaliangalia koti langu. Nikalivua taratibu, nikalikunja, nikalikalia. Nilitetemeka kwa baridi kwa muda wote uliobaki.

Ili kuokoa jahazi nikafungua begi nikatoa ncoolo. Looo! Nyuso zikabadilika. Mzee Kaaria alilipokea kwa mikono miwili, akalinusa, akaliangalia fundo, akawatazama wenzake. Mtu hakuletei ncoolo kwa ajili ya pampu ya maji. Wakanong'ona kwa Kimeru, kisha wakafungua na kuanza kutafuna. Nilijipongeza moyoni: zawadi imekubaliwa.

"Sasa sema, kijana," mzee akaniambia. "Umekuja kumtaka nani?"

Nikasimama. Nilisema maneno matamu ambayo sitayarudia, kuhusu ua lililochanua ndani ya boma hili na ndugu yetu aliyeliona kwa mbali. Nikamalizia: "Ua hilo linaitwa Grace."

Kimya. Mzee mmoja akaacha kutafuna.

"Hapa Grace tunaye mmoja tu," akasema mzee Kaaria, na akamtuma mtoto.

Aliyetoka jikoni akijikongoja na mkongojo alikuwa bibi wa miaka themanini hivi, shangazi yake mzee Kaaria, shali begani, uso umekunjamana vizuri kwa kicheko cha miaka mingi. Alisimama mbele yangu akanikagua kuanzia viatuni.

"Ni huyu?"

"Hapana bibi, mimi mshenga tu."

"Mwenyewe ana miaka mingapi?"

"Ishirini na tisa."

Bibi akafikiri. "Mwambieni aje," akasema, akavuta kigoda akakaa.

Ndipo simu ikalia.

"Uko wapi wewe? Wazee wamekaa!"

"Baba, hata mimi nimekaa nao. Ila kuna tatizo kidogo kwa upande wa bibi harusi."

"Umekaa na nani? Mimi ndiye niliyekaa na mzee Kaaya, sikuoni!"

"Kaaria," nikamsahihisha.

"KAAYA! Wewe umepita njia gani?"

"Hii ya kawaida. Karatina, nikavuka ikweta, nikashuka gari Nanyuki..."

Baba mdogo amefundisha jiografia miaka thelathini na moja. Nilisikia jinsi neno "ikweta" lilivyomwingia. Alipumua mara mbili.

"Nilikwambia Ngare Nanyuki," akasema, sauti ya chini inayotisha kuliko makelele. "Ngare. Tanzania. Mgongoni kwangu uko Mlima Meru, mita 4,566. Mbele yangu Kilimanjaro. Sasa wewe mwenye theluji yako, huo ni mlima gani?"

"Mlima Kenya, baba."

"Na pasipoti nilikuambia ya nini? Ya kufungia chumvi?"

Nikaziangalia picha zangu nne. Sikujibu.

Akaendelea, maana mwalimu hastaafu. Nimshukuru Mungu sikupanda ndege, kwa sababu India nako kuna kilele cha Meru, mita 6,660, na tena kuna Meru nyingine ya Wahindu na Wabudha isiyofikika kwa basi, iliyo katikati ya ulimwengu, jua na mwezi vinaizunguka, kimo chake yojana 84,000, kipimo cha kale cha masafa cha Wahindi. "Huko ndiko ungeenda! Ungefika na ungesema umefika salama! Na mkononi umebeba nini?"

"Miraa, baba. Ya wazee."

"Mirungi?" Sauti ilikatika. "Ulitaka kuvuka nayo mpaka wa Namanga?" Tanzania mirungi ni dawa za kulevya, unakamatwa kama mtu aliyebeba bangi. Kwa mara ya kwanza siku ile nilisikia mtu akimshukuru Mungu kwamba nimepotea.

Mzee Kaaria, aliyekuwa anafuatilia kila neno, akanyoosha mkono. "Weka hiyo simu sauti kubwa nimsalimie huyo Mmeru." Akapaza: "Muga!"

Kutoka Ngare Nanyuki hakuna jibu. Kisha sauti ya mzee Kaaya: "Anasema nini huyo?" Mzee wa kule akajaribu Kimeru chake, na wa huku wakatazamana kama watu waliosikia redio ya Wachina. Kimeru cha kule ni jirani wa Kichaga, cha huku hakimo kabisa kwenye ukoo huo. Wakakubaliana kwa Kiswahili.

Nilidhani watasalimiana wamalize. Wapi! Wakagundua kwamba Nanyuki zote mbili jina lao ni la Kimaasai, Ngare Nanyuki likiwa maji mekundu, na kwamba zote mbili walowezi walizitamani. Mzee Kaaya akaeleza jinsi Wameru walivyofukuzwa Ngare Nanyuki mwaka 1951, na jinsi Mmeru mwenzao Kirilo Japhet alivyokwenda mpaka Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kuwasemea. Wa huku wakajibu kwa habari za mashamba ya Laikipia. Wakapeana pole. Salio la baba mdogo likaisha katikati ya pole, mzee akanituma nikanunue langu kwa pesa zangu tuwapigie.

Posa ya kweli alikwenda kuisema baba mdogo mwenyewe, na naambiwa aliisema kama anafundisha darasa la sita. Ilikubaliwa. Mimi nilipigwa faini ya mbuzi wawili, mmoja kwa kila Meru.

Niliporudi Nairobi jioni ile nilikuwa na nusu gunia la viazi vya Timau na picha tatu za pasipoti. Ya nne bibi Grace aliichukua, akasema lazima awe na ushahidi. Mjukuu wake anasema imebandikwa ukutani kando ya kalenda, na kila matatu ya Nairobi ikisimama pale njiani, bibi anauliza kama yule wa miaka ishirini na tisa ameshuka.